Kitenge Chini ya Koti

Picha zilikuwa saba. Peninah Aketch alizipanga kwa mstari mmoja juu ya meza ya wakili Kiprono, akavua miwani iliyokuwa ikipata ukungu kwa sababu ya barakoa, akaanza kuzitazama kuanzia pembeni. Huo ndio ulikuwa mtindo wake tangu alipokuwa askari wa upelelezi Kisumu, kabla hajaanza kuwachunguzia mawakili kesi zao. Watu wakipigwa picha huandaa nyuso, alikuwa akisema, lakini pembe za picha hakuna anayeziandaa. Alishawahi kumtia ndani mwizi wa mifugo kwa ajili ya mkia wa ng'ombe uliotokeza nyuma ya bwana harusi, na kisa hicho hakuchoka kukisimulia.

"Una siku mbili," Kiprono alisema. "Ijumaa saa nne asubuhi wanamfungulia mashtaka."

Ilikuwa Jumatano, wiki ya nne ya Juni 2021. Redio ya jirani ilikuwa ikihesabu wagonjwa wapya wa Korona, na kila mtu Sydney alijua kwamba jiji liko njiani kufungwa. Peninah alitaka kumaliza kazi yake kabla mlango haujafungwa, na hakuwa na wasiwasi kwamba ataimaliza.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Jumanne ya wiki iliyotangulia, saa nne asubuhi, katika ghala moja kule Wetherill Park, foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, ilirudi nyuma kwa kasi ikambana Déo kwenye rafu za chuma. Déo alikuwa kijana wa Kirundi aliyebakiza wiki tatu aoe. Mpaka sasa alikuwa amelala hospitalini Westmead, hajafumbua macho. Dereva aliteremka akatoweka. Mashine ilikuwa imewashwa kwa kadi ya Patient Mushagalusa, Mkongomani wa Bukavu, na msimamizi wa zamu, Douglas, ameapa kwamba alimwona Patient akishuka. Patient naye anasema saa hiyo alikuwa na mkewe, Déborah Chibalonza, kilomita elfu moja na mia mbili na ushei kutoka hapo, ndani ya makorongo ya mawe mekundu ng'ambo ya Broken Hill. Ilikuwa likizo yao ya kwanza katika miaka mitano.

"Simu yake?" Peninah aliuliza.

"Aliiacha nyumbani Guildford, makusudi. Anasema akiwa likizo Douglas humpigia kila siku aende kazini."

"Ya mke?"

"Mtandao wake haufiki jangwani. Rekodi za kampuni ya simu zitachukua wiki tatu."

"Walilala wapi? Walikula wapi?"

"Ndani ya gari. Déborah anahudumia wazee, anaogopa kuwapelekea ugonjwa, kwa hiyo hakutaka kuingia mahali popote. Walibeba bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Petroli walilipa cash kupitia dirishani." Kiprono alikuna kichwa. "Nchi nzima ina-scan QR code hata kununua mkate, na hawa wawili wamekwenda mpaka mwisho wa jimbo na kurudi bila kuacha alama moja!"

"Waliacha saba," Peninah alisema, macho yake bado mezani.

"Hizo hazitusaidii. Kamera ni ya kuazima, tarehe haikuwahi kuwekwa. Kila picha inasema ni mwaka mpya. Na polisi hawakatai kwamba walisafiri. Wanasema walisafiri wiki ya kwanza ya likizo, wakarudi Ijumaa, halafu Jumanne Patient akaitwa kuziba pengo la mtu. Tena wana ushahidi: barabara ya udongo ya kuingilia makorongoni ilifungwa kwa mvua tangu Jumamosi. Ilifunguliwa Jumanne ile ile, saa mbili asubuhi. Wiki ya kwanza ilikuwa wazi."

Peninah aliliandika hilo la barabara na kulipigia mstari. Kisha akairudia picha ya nne. Patient na Déborah walikuwa wamesimama kando ya dimbwi la maji, ukuta wa mwamba nyuma yao, wote wamefunga makoti mpaka kidevuni. Paji la uso la Patient lilimeremeta kwa jasho. Nyuma yao, pembeni kabisa, Mzungu mmoja alikuwa anapita na fulana ya mikono mifupi.

Asubuhi ya jangwani huwa na baridi, lakini jua likishapanda koti linakuwa mzigo. Hawa wawili walikuwa wanaficha kitu. Peninah aliinua picha mpaka karibu na pua, akashuka na macho kutoka kwenye kola, vifungo, mpaka pindo la koti la Déborah. Hapo palikuwa na ukanda wa kitambaa usiozidi upana wa vidole viwili, wa bluu, wenye ngoma za njano.

Kitenge hicho alikuwa amekiona jana yake. Alikuwa amekwenda kumpa pole Mama Ninahazwe, mama yake Déo, na kukuta vipande vilivyobaki vimerundikwa kwenye kona ya sebule, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ilikuwa sare ya harusi. Mama huyo alikuwa ameiagiza Bujumbura, ikakwama njiani miezi miwili kwa ukosefu wa ndege.

Aligeuza picha zote kifudifudi. Duka lililozichapa lilikuwa limeacha namba nyuma ya kila moja: 41, 44, 45, 58, 60, 61, 62.

"Kati ya arobaini na tano na hamsini na nane kuna picha kumi na mbili," alisema. "Ziko wapi?"

"Labda hazikutoka vizuri."

"Picha kumi na mbili mfululizo? Wakili, hata mimi sipigi vibaya hivyo."

*

Kwa kuwa Wetherill Park ilikuwa njiani, alianza na Douglas. Alimkuta nje ya geti la ghala wakati wa chai, kikombe mkononi, barakoa imening'inia sikio moja. Alikuwa Mkenya mwenzake, mtu wa Thika, mwenye mwili mkubwa na sauti ya upole.

"Madam, mimi yangu nilishaambia polisi," alisema. "Sitaki kurudia rudia."

"Hutarudia. Nina maswali matatu tu, na chai yako haitapoa. Ulimwona Patient usoni?"

"Alikuwa na mask. Lakini huyo jamaa namjua hata kwa mgongo."

"Kwa hiyo uliona nini?"

Douglas alikunywa chai. "Mgongo."

"Sawa. La pili. Mtu wa foklifti akienda likizo, kadi yake anakwenda nayo?"

"Hapana, hapa ukienda leave unaacha kadi kwa supervisor, iko kwa drawer ya..." Aliipandisha barakoa akaiweka sawa puani, jambo ambalo tangu mwanzo hakuwa amelijali. "Lakini Jumanne alipokuja nilimrudishia."

"Hilo ndilo la tatu. Kumrudishia kwenyewe, uliandika mahali?"

"Kwani wewe ni polisi?"

"Nilikuwa. Siku hizi ni mbaya zaidi."

Douglas alimwaga chai iliyobaki kwenye nyasi, akasema mapumziko yamekwisha, akaingia ndani wakati wenzake bado wamekaa. Peninah aliandika mambo mawili kwenye ukurasa mmoja, mgongo na droo, akawasha gari. Ukurasa huo ulikuwa mzuri lakini peke yake haukutosha. Neno la msimamizi dhidi ya neno la mshtakiwa, mahakama ingelichukua la msimamizi.

*

Nyumba ya Patient na Déborah ilikuwa ya mbao, barabara ya pili kutoka stesheni ya Guildford. Walikaa nyuma, uani, viti vimeachiana nafasi kama wizara ya afya inavyotaka. Déborah alileta chai ya maziwa na maandazi. Peninah alikula mawili kabla ya kusema neno, kwa sababu maandazi ni maandazi, na pia kwa sababu mtu anayesubiri kuulizwa huchoka haraka kuliko anayeuliza. Patient, mrefu na mkimya, alikaa mikono imelala magotini.

"Dada Déborah," Peninah alisema mwishowe, "naomba picha namba hamsini na mbili."

"Haiko, Mama Peninah. Kadi ya kamera iliharibika."

"Na hamsini na tatu?"

"Zote ziliharibika."

"Lakini arobaini na tano imetoka vizuri, na hamsini na nane pia. Kadi hii ilichagua ya kuharibu." Aliweka picha ya nne juu ya meza, akagusa pindo la koti kwa ncha ya kalamu. "Mlificha kumi na mbili mkasahau vidole viwili."

Déborah aliangalia pale kalamu ilipogusa. Uso wake ukabadilika, akafunika mdomo kwa kiganja. Patient alimtazama mkewe, kisha akatazama chini.

"Nilikuambia," Patient alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, tafazali!"

"Asinyamaze," Peninah alisema. "Ijumaa atanyamazishwa na wengine."

Déborah alilia kwanza, na Peninah akamwacha alie. Kisha maneno yakatoka.

"Siku walitugawia ile kikwembe, Jumapili, kanisani, Mama Ninahazwe alisimama mbele ya bamama wote. Akasema mtu asishone, asijifunge, mpaka siku ya ndoa ya Déo. Tukasema ndiyo. Mi vilevile nilisema ndiyo. Tukatoka kanisa tukaingia kwa gari, safari, na kikwembe iko ndani ya saki yangu."

"Na ukaivaa."

"Mama, sisi tulifungaga ndoa kule kambi ya wakimbizi, Nakivale, Uganda. Ilikuwa siku ya mvua. Robe ya ndoa niliazima, kamera hakuna mtu alikuwa nayo. Miaka tisa, hatuna picha hata moja ya kuonyesha watoto tukizaa. Sasa tunafika pale, ile mawe mekundu, maji, watu hawako. Nikamwambia Patient, hapa nani anatujua? Tujifunge kidogo tu, tuweke kamera ku jiwe itupige photo, tutoe. Nikaikata mara mbili kwa kisu ya samaki. Moja mi nikajifunga, moja yeye akaweka ku bega. Nilifurahi, mama, siwezi kukudanganya. Kisha Mzungu mmoja akakuja na njia, nikapata haya, tukavaa makoti juu."

"Siku gani?"

"Jumanne. Asubuhi."

Peninah aliiweka kalamu chini.

"Jumatatu tulilala kwa gari, pale walifunga njia," Patient aliongeza. "Jumanne walipotoa ile kizuizi tukaingia. Mvua ilikuwa imejaza maji pale chini."

"Tunarudi Guildford Alhamisi," Déborah alisema, "tunasikia Déo amegongwa. Siku gani? Jumanne. Saa gani? Saa ile ile mi niko nazunguka na kikwembe ya ndoa yake, nacheka." Alijipiga kifuani. "Bamama watasema nini? Watasema ni Déborah aliharibu ile ndoa. Mi mwenyewe nasema hivyo usiku na mchana."

"Na wewe?" Peninah alimgeukia Patient. "Ungefungwa gerezani ukinyamaza?"

"Sikutaka wamuseme vibaya. Mungu alituona."

Hapo Peninah alikasirika, na hakujisumbua kuficha. Alikuwa ameona watu wakificha bastola, wakificha maiti, wakificha wapenzi. Hawa walikuwa wameuficha ushahidi uliokuwa ukiwaokoa, eti kwa kuwaogopa kina mama wa kanisa.

"Mungu hatakuja kutoa ushahidi mahakamani Parramatta," alisema. "Kadi ya kamera iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kopo la unga wa muhogo. Déborah aliipangusa kwa upindo wa nguo, akaipachika kwenye kamera. Namba 46 mpaka 57 zilitokea moja baada ya nyingine kwenye kioo kidogo. Patient alikuwa amejitanda kitenge begani, kifua mbele. Déborah alikuwa amejifunga nusu yake juu ya suruali, pindo limechanika vibaya pale kisu kilipopita. Miguuni pao palikuwa na dimbwi, na tope bichi jekundu lilikuwa limewapanda mpaka kwenye vifundo. Namba 50 Déborah alikuwa amefumba macho kwa kicheko.

Peninah aliziangalia mara mbili. Kisha akawafafanulia polepole, kwa sababu alitaka waelewe kabla ya mtu mwingine kuwauliza.

"Polisi wanasema mlikwenda wiki ya kwanza. Haiwezekani. Wiki ya kwanza kitenge hiki kilikuwa bado njiani, mkononi mwenu kiliingia Jumapili, baada ya ibada. Vizuri. Mtu anaweza kusema basi mlikwenda Jumapili mkarudi mbio. Haiwezekani pia, kwa sababu barabara ya makorongoni ilikuwa imefungwa mpaka Jumanne saa mbili, na hilo wamelileta wao wenyewe. Na tangu Alhamisi mliyorudi gari lenu liko mikononi mwa polisi, kwa hiyo hamkurudi huko baadaye. Kwa hiyo mtu aliyesimama ndani ya korongo lile na kitenge hiki begani aliingia Jumanne baada ya saa mbili, wala si siku nyingine. Saa nne, foklifti ilipomgonga Déo, mtu huyo hata angekuwa na mabawa asingekuwa Wetherill Park."

Mikono ya Patient iliondoka magotini kwa mara ya kwanza.

"Basi imekwisha," Déborah alisema.

"Bado. Mtu mmoja tu anaweza kuapa kwamba hakuna kipande kilichotoka kabla ya Jumapili. Aliyeviagiza na kuvigawa kwa mkono wake."

Déborah alielewa kabla sentensi haijaisha. "Hapana, Mama Peninah. Huyo hapana. Nenda wewe."

"Nitakupeleka kwa gari langu, nitasimama kando yako. Lakini picha utamwonyesha wewe. Akiisikia kutoka kwangu ni kesi, akiisikia kutoka kwako ni ungamo, na kwa ungamo mama anaweza kujibu."

*

Mama Ninahazwe alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya hospitali, jua la saa tisa usoni, thermos kando yake. Siku hizo mgonjwa aliruhusiwa mgeni mmoja tu kwa siku, na leo zamu ilikuwa ya Nicole, mchumba wa Déo. Mama alikuja hata hivyo. Alisema ni afadhali kukaa karibu na ukuta wa mwanawe kuliko kukaa na ukuta wake mwenyewe nyumbani.

Peninah alimsalimia, akauliza hali ya mgonjwa.

"Leo amekunja vidole," mama alisema. "Nicole ameniambia kwa simu. Vidole viwili."

Déborah alikuwa amesimama nyuma. Alisogea, akapiga goti moja juu ya saruji, akatoa kamera kwa mikono miwili. Hakusema utangulizi aliokuwa ameukariri garini.

"Mama, niliivaa. Nisamehe."

Mama Ninahazwe aliipokea kamera. Alitafuta miwani ndani ya mkoba, akaivaa, akakitazama kile kioo kidogo. Peninah alimweleza kwa maneno machache ni wapi, na kwa nini picha hizo zinaweza kumtoa Patient kwenye mashtaka. Gari la wagonjwa lilipita. Mama hakuinua kichwa.

"Hii ni siku gani?" aliuliza.

"Jumanne ile, mama," Déborah alisema.

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Labda na nusu."

"Saa ile ile ya Déo."

"Ndiyo, mama."

Peninah, ambaye maishani mwake alikuwa ameharakisha watu wengi kusema, hakuthubutu kumharakisha huyu. Déborah alikuwa bado amepiga goti, machozi yanalowesha barakoa. Mama Ninahazwe alibonyeza kitufe, akaenda picha ya pili, ya tatu, mpaka ile ya kicheko. Hapo akasimama.

"Mlikuwa hamna picha ya ndoa?"

"Hatuna, mama. Ilikuwa kambini."

"Mimi pia sina." Alirudisha kamera, akatoa kwenye mkoba daftari la shule lenye jalada la kijani. Ndani yake majina ya waliochukua vitenge yalikuwa yamepangwa kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na watawa, kila jina na sahihi yake, na juu ya ukurasa tarehe ya Jumapili ile. "Bi Aketch, nipe kalamu. Niandike nini, na niandike wapi?"

Peninah alimpa karatasi ya maelezo. Mama aliandika juu ya paja, taratibu, bila kufuta neno: vilifika lini, vilifunguliwa lini, nani alikuwepo, na kwamba kabla ya Jumapili hakuna mkono mwingine uliovigusa. Alitia sahihi. Kisha akamshika Déborah kiwiko akamwinua, akamkalisha benchini pale thermos ilipokuwa.

"Nilisema msivae kwa sababu nilitaka siku ile mwanangu atokee mlangoni, aone kanisa zima limemvalia, ashangae," alisema. "Ni hilo tu."

"Bamama watasema mi ndiye..."

"Waje waniambie mimi. Kitenge hakiendeshi foklifti, mwanangu."

Alimmiminia chai kwenye kifuniko cha thermos, akangoja mpaka Déborah akanywa. Halafu akavua miwani, akamgeukia Peninah. Upole wote uliokuwa usoni mwake ulikuwa umebaki kule kwa Déborah.

"Sasa wewe niambie," alisema. "Ile kadi ya foklifti, kama mwenyewe alikuwa jangwani, ilikuwa mkononi mwa nani?"

Peninah alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa Douglas, akaweka kidole kwenye neno droo, akalisogeza ili mama asome mwenyewe.